Afya ya Jamaa: Vipele vilivyoletwa na dawa



Juma lililopita, baada ya kugawa likelemba, wamama wawili walibaki nyuma. Kila mmoja alikuwa anamngojea mwenzake aondoke kwanza. Mwishowe niliwaketisha wote wawili, kwa sababu niliona shauri lao ni moja. Wameniruhusu niandike habari zao bila kutaja majina, ili ziwasaidie wengine.

Wa kwanza alikuja na binti yake wa miaka 19, aliyejifunika kitenge mpaka mashavuni. Binti huyo alikuwa amejipakaa pomadi ya kung'arisha uso kwa miezi minne, akijitayarisha kwa ndoa ya dada yake. Mwezi wa kwanza uso uling'aa, kila mtu akamsifu. Baadaye vikatokea vipele vidogo vidogo, vyote vya ukubwa mmoja, kwenye paji la uso, mashavuni na kidevuni. Kila akiacha pomadi siku mbili, uso unawaka kama umepakwa pilipili na vipele vinaongezeka. Akiirudia, uso unatulia. Kwa hiyo alisema kwa moyo wote: "Mama, hii pomadi ndiyo inayoniponya."

Wa pili ni mwanachama wetu, mama wa watoto wanne, anayemeza dawa za kifua kikuu. Alikuwa katika mwezi wa tatu. Kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, lakini kifua, mabega na mgongo vimejaa vipele. Wifi zake walianza kunong'ona kwamba ana ugonjwa mwingine anaouficha. Kwa haya, na kwa kuona kwamba vipele vilianza baada ya vidonge, alikuwa ameacha kumeza. Siku nne zilikuwa zimepita.

Wote wawili walikuwa na shida ya namna moja: dawa imechokoza vishimo vya nywele kwenye ngozi. Lakini shauri nililowapa lilikuwa kinyume kabisa. Binti nilimwambia pomadi ile lazima iachwe. Mama nilimwambia arudi kumeza kesho asubuhi, asingoje hata siku moja zaidi. Juma hili nataka tuelewe sababu ya tofauti hiyo, maana kukosea hapo kunaweza kuharibu uso, na kunaweza pia kuua mtu.

Vishimo vya nywele ni nini

Kila unywele wa mwili, hata ule mdogo usioonekana vizuri, umeota ndani ya kishimo. Pembeni ya kishimo kuna kifuko kidogo kinachotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Kishimo kikizibwa, au kikivimba, au vijidudu vikizidi ndani yake, panatokea kipele. Mara nyingi ukikitazama vizuri utaona unywele umesimama katikati. Pengine kina kichwa cheupe cha usaha.

Kwenye viganja vya mikono na kwenye nyayo hakuna vishimo vya nywele. Kwa hiyo vipele vya namna hii havitokei huko. Ukiona madoa au vipele viganjani na chini ya miguu, hilo ni jambo jingine, na munganga anapaswa kuliona.

Chunusi za kawaida za ujana zina mchanganyiko: vidoa vyeusi, vipele vidogo, vikubwa, vipya na vya zamani pamoja. Vipele vinavyoletwa na dawa vina dalili zao:

- Vinaanza kwa ghafula, siku chache au majuma machache baada ya dawa mpya.
- Vinafanana vyote, kama punje za ulezi zilizomwagwa, na vile vidoa vyeusi kwa kawaida hakuna.
- Vinapenda kifua, mgongo, mabega na mikono ya juu. Kama dawa ni ya kupakaa, vinatokea pale inapopakwa.
- Vinampata hata mtu asiye wa umri wa chunusi: mama wa miaka 45, au mtoto wa miaka 8.

Ukiona hivyo, usiulize kwanza, "Nipakae nini?" Uliza hivi: "Ni kitu gani kipya kilichoingia au kupakwa mwilini mwangu miezi hii?"

Pomadi inayokopesha

Ndani ya pomadi nyingi za kung'arisha ngozi kuna dawa za jamii ya kortikoidi. Kortikoidi ni dawa ya kweli, na waganga wanaitumia kila siku kwa ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi. Ubaya unakuja inapotumiwa kama mafuta ya kujipamba.

Kati ya kortikoidi za kupakaa, klobetasoli iko katika kundi lenye nguvu kupita zote. Kanuni ya waganga ni hii: isipakwe zaidi ya majuma mawili mfululizo, isizidi gramu 50 kwa juma, na isipakwe usoni. Sasa piga hesabu, mama. Kumpakaa mtu mzima mwili wote mara moja tu kunahitaji karibu gramu 30. Anayejipakaa mwili wote asubuhi na jioni amepita kipimo cha juma zima kabla ya siku ya kwanza kuisha. Na wengi wetu tunaendelea hivyo kwa miaka.

Kortikoidi inatuliza uvimbe na wekundu upesi sana, ndiyo maana mwezi wa kwanza uso unapendeza. Lakini inatuliza kwa kulaza ulinzi wa ngozi. Ngozi inakuwa nyembamba, kuta za vishimo vya nywele zinadhoofika, na vijidudu na kuvu wanaoishi humo wanapata nafasi ya kuongezeka. Ndipo vipele vinatokea. Ukiacha ghafula, ulinzi unaamka, mishipa midogo ya damu inafunguka, uso unakuwa mwekundu na unawaka, na vipele vinalipuka. Ukipakaa tena, yote yanalala. Lakini hayajapona.

Sisi wa likelemba tunaijua hadithi hii. Ni kama banki lamberi, yule mkopeshaji wa kartie. Leo anakupa pesa, unafurahi. Mwisho wa mwezi deni limekuwa mara mbili. Unarudi kwake kukopa tena ili ulipe lile la kwanza, na unamwita msaidizi wako. Pomadi ile iliyoonekana kumponya binti ndiyo ile ile iliyokuwa inamdai.

Kuna namna nyingine ya mtego huu. Mtoto anapata mashilingi au muwasho wowote, na sisi tunachukua tibu iliyobaki ya jirani. Muwasho unapungua kwa siku tatu. Lakini kama ilikuwa kuvu, kortikoidi inailisha, nayo inaenea chini chini na kubadili sura hata munganga asiitambue upesi. Mimi mwenyewe nilimfanyia hivyo mtoto wangu wa pili miaka mingi iliyopita, kabla sijajua. Doa la ukubwa wa kifuniko cha chupa likawa la ukubwa wa sahani. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na dawa inapenya ndani ya mwili wake kuliko kwetu watu wazima. Tena mama anayejipakaa pomadi hizi kifuani na mikononi, mtoto anayenyonya anaigusa na kuilamba.

Basi someni tibu na vikopo vyenu. Kwetu maandishi ni ya Kifaransa mara nyingi. Tafuteni maneno haya: clobétasol, bétaméthasone, dexaméthasone, fluocinonide. Ukiona mojawapo, hiyo ni dawa ya kutolewa na munganga, si mafuta ya kujipakaa. Na ile iliyochanganywa sokoni na kutiwa katika kikopo kisicho na maandishi ndiyo ya kuogopa zaidi, maana hakuna anayejua kilichomo, hata yule anayekuuzia.

Jambo la vidonge ni hilo hilo. Kuna wanaomeza vidonge vya deksametazoni ili wanenepe, mashavu yajae na nguo zikae vizuri. Ni kortikoidi vilevile. Vipele vinavyotokea kifuani na mgongoni ni dalili ndogo tu. Ndani, sukari ya damu inapanda, shinikizo la damu linapanda, mifupa inadhoofika, na mwili unashindwa kupigana na maambukizo.

Namna ya kutoka katika deni

Kama umepakaa kwa siku chache, acha tu. Kama umepakaa kila siku kwa miezi, au mwili wote, au umemeza vidonge kwa muda, usikate peke yako kwa siku moja. Kortikoidi nyingi inayoingia mwilini kwa muda mrefu inafanya tezi zinazotengeneza kortikoidi ya mwili wenyewe zilale. Ukikata ghafula, unaweza kupata udhaifu mkubwa, kizunguzungu, kutapika, hata kuanguka. Nenda kituo cha afya, sema ukweli wote, na upunguziwe hatua kwa hatua.

Tena ujue mapema: uso utachafuka kabla ya kutakata. Majuma ya kwanza ni magumu. Watu watakuambia, "Unaona? Tangu uache umekuwa mbaya." Kwa wengi hapo ndipo safari inapokatika. Vipele vinahitaji majuma mengi, pengine miezi, na madoa meusi yanayobaki huchukua miezi zaidi. Hayo madoa si sababu ya kurudia pomadi ya kung'arisha. Yanafifia polepole, hasa ukijikinga na jua kwa kofia, mwavuli au kitenge.

Dawa ambayo haiachwi

Sasa turudi kwa mama wa kifua kikuu. Kati ya dawa anazomeza kuna isoniazidi. Inajulikana tangu zamani kwamba kwa baadhi ya watu isoniazidi inaleta vipele kama chunusi usoni, kifuani na mgongoni. Vinasumbua macho na moyo, lakini vyenyewe havina hatari, havimwambukizi mtu, na vinaondoka baada ya matibabu kumalizika. Ni kama ule mkojo wa rangi ya machungwa unaoletwa na rifampisini: unashtua siku ya kwanza, lakini ni alama kwamba dawa inapita mwilini.

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita: miwili ya kwanza dawa nne pamoja, kisha minne dawa mbili. Katika kidonge kimoja dawa zimechanganywa, hivyo huwezi kuchagua umeze hii na uache ile. Kikohozi kikiisha mwezi wa pili, vijidudu havijakwisha. Vimepungua na kujificha. Mgonjwa akiacha hapo, vinavyobaki ni vile vigumu, na vinaweza kujifunza kushinda dawa. Kisha ugonjwa unarudi kwa nguvu, matibabu yanakuwa ya muda mrefu na makali zaidi, na watoto wanaolala chumba kimoja naye wanaambukizwa. Nchi yetu ni moja ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Dawa zake zinatolewa bure. Itakuwa huzuni kubwa mama aache dawa ya bure inayomwokoa kwa ajili ya vipele ambavyo vitaondoka.

Kwa hiyo nilimwambia: usiache, usipunguze, usiruke siku. Rudi ulikopewa vidonge, waonyeshe ngozi, uwaambie zile siku nne bila kuficha, maana wanapaswa kuziandika na kuamua. Aliogopa kugombezwa. Nilimpeleka mimi mwenyewe. Muuguzi hakumgombeza, alihesabu siku, akatazama viganja, mdomo na macho, akampa vidonge vyake, na akamwandikia dawa ya kupakaa kwenye vipele.

Na ninyi wifi, nawasihi. Vipele vya ngozi havimwambii mtu yeyote kwamba mwenzake ana virusi vya UKIMWI. Jambo hilo linajulikana kwa kipimo tu, si kwa macho ya jirani. Na hata mwenye virusi ana dawa zake, na anahitaji jamaa yake imtie moyo azimeze. Mnong'ono wenu ulikaribia kumtoa mama huyu katika njia ya uponyaji.

Dawa nyingine zinazoweza kuleta vipele hivi

Sindano ya miezi mitatu na vipandikizi vya kupanga uzazi vinaleta chunusi kwa baadhi ya wamama. Si hatari. Kama vinakusumbua, zungumza na muuguzi; kuna njia nyingine. Usiache tu njia yako na kukaa bila kitu, halafu mimba ikakukuta hujajipanga.

Dawa za kifafa, kama fenitoini na fenobarbitali, zinaweza pia kuleta chunusi. Kuziacha ghafula kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na mtu anaweza kufa. Usimwachishe mtoto dawa ya kifafa kwa ajili ya vipele kabla ya kusema na munganga.

Antibiotiki za muda mrefu zinaua vijidudu vingine na kumwachia nafasi kuvu anayeishi ndani ya vishimo vya nywele. Hapo vipele vinakuwa vidogo, vingi, kifuani na mgongoni, na vinawasha sana. Ukiongeza antibiotiki nyingine unavizidisha. Vinahitaji dawa ya kuvu. Na kwa kuwa kuvu huyo anakula mafuta, kujipakaa mafuta mazito juu yake ni kumletea chakula.

Alama za kukimbilia lopitali siku hiyo hiyo

Mpaka hapa nimeongea juu ya vipele vya vishimo vya nywele, ambavyo vinasumbua bila kuua. Lakini dawa inaweza pia kuleta ajali kubwa ya ngozi. Imetokea kwa kotrimoksazoli, nevirapini, dawa kadhaa za kifafa, na hata dawa za kifua kikuu. Kateni sehemu hii mwiweke ukutani. Baada ya kumeza dawa, mtu akiwa na moja ya alama hizi:

- homa pamoja na vipele vinavyoenea upesi mwilini;
- vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri;
- ngozi inayouma, inayofanya malengelenge au kubambuka;
- uso, midomo au ulimi kuvimba, au kupumua kwa shida;
- macho ya manjano, au kutapika kusikokoma,

asimeze kidonge kingine, na aende lopitali sasa hivi, hata usiku, akiwa na dawa zote mkononi. Hapo hata mgonjwa wa kifua kikuu anasimama kumeza mpaka munganga amwone. Tofauti ni hiyo: vipele vikavu vya kifuani bila homa, unaendelea kumeza na unakwenda kuonyesha, homa, vidonda au ngozi inayobambuka, unasimama na unakimbia.

Nyumbani ufanye nini

Osha mahali penye vipele mara mbili kwa siku kwa maji ya kawaida na sabuni ya kawaida isiyo na harufu kali. Tumia mkono, usisugue kwa kitambaa kigumu. Usikamue vipele, ukikamua usoni unaingiza usaha ndani na unabakiza kovu. Usipakae limau, dawa ya meno, wala javeli. Acha mafuta mazito. Kama ngozi ni kavu, paka kidogo cha mafuta mepesi. Vaa nguo za pamba zisizobana kifua na mgongo. Badili foronya mara kwa mara.

Kituo cha afya wanaweza kukupa jeli ya peroksidi ya benzoili, dawa ya kuvu, au vidonge, kulingana na watakachokiona. Jeli hiyo inachubua rangi ya nguo na taulo, kwa hiyo usishangae ukiona shuka lina madoa meupe. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha aseme hivyo kabla ya kuandikiwa chochote. Doksisiklini haimfai mwenye mimba wala mtoto mdogo, na vidonge vya chunusi vinavyoitwa izotretinoini vinaharibu mtoto tumboni.

Ukienda, beba kila kitu katika mfuko mmoja: vidonge, tibu, vikopo, sabuni, hata ile dawa ya majani. Jiandae kujibu maswali matatu: Ulianza nini? Ulianza lini? Vipele vilitokea siku ngapi baadaye? Majibu hayo matatu yanamsaidia munganga kuliko kipimo cha bei kubwa. Na usifiche pomadi kwa haya. Muuguzi asiyejua kwamba unajipakaa kortikoidi anaweza kukuandikia kortikoidi nyingine.

Neno kwa wenzetu wanaouza

Najua wako kati yetu wanaouza pomadi hizi, na kwamba pesa hiyo inalipa minervali ya watoto. Sikuandika ili kuwaaibisha. Lakini ninyi ndio mnaoaminiwa na wasichana kuliko munganga. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuzikamata bidhaa za kuchubua ngozi madukani kwa nguvu mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019. Mtaji uliolala katika vikopo hivyo unaweza kupotea kwa siku moja. Tuzungumze katika mkutano namna ya kuhamisha mtaji polepole: sabuni, mafuta ya mtoto, vitenge, unga. Kwa sasa nawaomba mambo mawili tu. Msichanganye tibu za kortikoidi ndani ya mafuta ya kawaida. Na msimuuzie mama kwa ajili ya mtoto mchanga.

Habari za wale wawili

Mama wetu anaendelea kumeza vidonge. Vipele viko palepale, na vitakaa naye kwa muda. Mama wawili wa kartie yake wamejitolea kupita kwake kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, si kumlinda, bali kunywa naye chai wakati anapomeza.

Binti alikwenda kituo cha afya pamoja na mama yake. Amepewa njia ya kupunguza pomadi kwa hatua, na kuanzia juzi uso umeanza kuwaka. Jana usiku alinitumia ujumbe akiuliza kama anaweza kupakaa kidogo tu, kwa siku moja ya ndoa, kisha aache kabisa. Nilimwuliza, "Mtu mwenye deni la banki lamberi akikopa kidogo tu kwa siku moja, deni linapungua?" Hakujibu. Asubuhi mama yake alinipigia: wamechagua kitenge, na binti atasimama kwenye picha na uso alio nao.

Wamama, mkutano ujao kila mmoja alete pomadi na tibu alizo nazo nyumbani. Hatutamcheka mtu. Tutasoma maandishi pamoja, na asiyejua kusoma atasomewa na mwenzake. Juma lijalo, kwa kuwa mvua zimeanza, tutaongea juu ya mtoto anayeamka usiku na homa.